Meza Kuukuu na Vumbi Lake

Meza ya puli iliyochakaa si kuni. Chini ya rangi iliyobabuka huenda mna mbao ngumu, nawe waweza kuirudishia sura yake hapo nyumbani. Lakini kabla hujashika msasa, watoto na mama wajawazito wakae mbali.

Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi. Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978, na kwingineko ziliendelea kuuzwa miaka mingi baadaye. Rangi hiyo ikisuguliwa hugeuka vumbi, likashika mikono ya watoto, likaingia vinywani mwao na kudhuru ubongo unaokua. Hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa ni salama kwao.

Basi ifanye kazi hiyo nje. Bandua kitambaa na kingo za mpira. Bamba la jiwe lisiinuliwe na mtu mmoja. Usichome rangi kwa moto, wala usiikwangue ingali kavu: ilowanishe, utumie msasa wa maji, ukifuata mkondo wa nyuzi za mbao. Vaa barakoa izuiayo vumbi jembamba, kwani leso haitoshi. Usifagie, futa kwa kitambaa chenye maji. Takataka zifunge, nguo za kazi zifue peke yake.

Mbao ikikauka kabisa, paka vanishi nyembamba mara mbili au tatu. Meza ing'ae, na watoto wawe wazima wa kuichezea.