Ibada ya Ijumaa Isifungwe

Leo nina neno kwa sisi tunaokaa Dubai Investments Park na kwenda kusali Jebel Ali.

Kwa miaka mingi "Jumapili" ya Wakristo wa Dubai ilikuwa Ijumaa. Mpaka 2006 wikendi ya serikali ilikuwa Alhamisi na Ijumaa, kisha ikawa Ijumaa na Jumamosi. Mgeni kutoka Mombasa au Kampala alishangaa kidogo, akazoea. Tarehe 1 Januari 2022 wikendi ikahamia Jumamosi na Jumapili, na makanisa mengi yakarudisha ibada kuu Jumapili kama kwetu nyumbani. Tulishangilia, kwa nini tusishangilie?

Lakini jamani, tuulizane: hiyo Jumapili amepewa nani? Sisi wanafunzi na watu wa ofisini. Mlinzi wa getini, kijana wa bohari, dada wa usafi, wale wanaolala kambini hapa DIP, wengi wana ofu moja tu kwa wiki. Sheria ya kazi iliyoanza kutumika Februari 2022 inataka siku ya mapumziko isiyopungua moja, ila haikutaja ni siku gani. Hilo limeachiwa mkataba na utaratibu wa kazi. Basi wengine wamebaki na Ijumaa yao, wengine ofu inazunguka kama feni. Na usiniambie wasalie kambini, maana sheria ya 2023 ya nyumba za ibada za wasio Waislamu inataka ibada ifanyike mahali penye kibali.

Sasa kanisani kwetu kuna wazee wanaotaka ibada ya Ijumaa ifutwe kwa sababu viti vingi viko wazi. Mimi napinga. Viti vya Jumapili vimejaa watu ambao wangeweza kuja siku yoyote ya wikendi. Vile vichache vya Ijumaa vimekaliwa na watu wasio na siku nyingine.

Halafu kuna hili la "wageni simameni tuwaone". Kwetu ni heshima, mgeni anapigiwa makofi na kuimbiwa. Hapa mgeni mwenyewe pengine ameingia kwa viza ya matembezi, wakala amekula pesa zake, kazi hajapata, na kitanda alicholalia jana ni cha kuazima. Unamsimamisha mbele ya watu mia tatu aseme jina na anafanya kazi wapi! Wiki ijayo humwoni, kisha tunasema vijana wamepoa kiroho. Mimi ningependa akaribishwe mlangoni, polepole, na chai mkononi, na mtu wa lugha yake. Aulizwe ofu yake ni siku gani na anapanda basi gani. Kazi atazungumza mwenyewe akitaka.

Tangu stesheni ya Metro ya Dubai Investment Park ifunguliwe 2021, usafiri si kisingizio kwetu sisi wenye miguu mizima na Ijumaa jioni isiyo na kipindi. Wazee wanakaa kikao mwisho wa mwezi huu. Kabla ya hapo nataka tuwapelekee karatasi yenye majina: mpiga kinanda mmoja, waimbaji wachache, wawili wa chai, na wawili wa kusimama mlangoni wanaojua Kiswahili na Kiganda. La kwangu nimeshaandika, upande wa chai.