Mashine Ikisimama, Nani Anapata Hasara?

Leo naomba tuweke tarakilishi kando kidogo tuzungumzie viwanda. Siku hizi kampuni nyingi zinazotengeneza mitambo haziuzi mtambo peke yake. Zinauza kifurushi: mashine, matengenezo, vipuri na mafunzo, nawe unalipa kidogo kidogo. Biashara hii inasifiwa sana. Mimi nasema uzuri wake hutegemea swali moja: mashine ikisimama, nani anapata hasara?

Tuanze na mfano mzuri. Mwaka 1962, kampuni ya Uingereza iitwayo Bristol Siddeley ilianza kuwapa wateja wa injini yake ya Viper mkataba wa aina mpya. Badala ya kulipia kila tengenezo na kila kipuri, mteja alilipa kiasi maalum kwa kila saa ambayo injini iliruka. Rolls-Royce iliinunua kampuni hiyo mwaka 1966, na katika miaka ya 1990 ikalipeleka wazo hilo kwa mashirika makubwa ya ndege kwa jina la TotalCare.

Tazama kilichobadilika. Zamani injini ilipoharibika, kiwanda kilipata pesa ya vipuri. Chini ya mkataba huu, injini ikilala karakana hakuna saa, na bila saa hakuna malipo. Kwa hiyo kampuni ililazimika kujipanga upya. Injini zikawekewa vihisi vinavyotuma taarifa wakati ndege ingali angani, na wahandisi walioko Derby huzichambua ili wagundue ubovu mapema. Naye mbunifu wa injini hawezi kumpuuza fundi, maana kasoro anayoiacha leo italipiwa na kampuni hiyo hiyo kesho. Na hasara ni ya kweli: mwaka 2020, korona ilipozifungia ndege chini, malipo ya saa yalipungua, na mwezi wa Mei Rolls-Royce ikatangaza kupunguza nafasi za kazi zisizopungua 9,000.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2015, serikali ya Kenya ilitia saini mikataba ya kukodi vifaa vya matibabu, mpango tulioujua kwa jina la MES. Kampuni zilizopewa kazi zingeleta mashine za eksrei, za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, vifaa vya upasuaji na vinginevyo katika hospitali 98, kisha zivitunze na kuwafundisha watumiaji kwa miaka 7. Kwenye karatasi, mpango ulifanana na ule wa injini. Lakini kila kaunti ilikatwa kiasi kile kile kwa mwaka, mwanzoni shilingi milioni 95, awe mgonjwa amepigwa picha au la. Kamati ya Seneti iliyouchunguza mpango huo ilitoa ripoti mwaka 2020, ikaeleza kuhusu vifaa vilivyokaa bure kwa kukosa mambo kama umeme na wataalamu. Muuzaji alilipwa. Hasara ilimwangukia mgonjwa aliyetafuta matatu ya kumpeleka hospitali nyingine.

Mpango uliofuata, NESP, umejengwa juu ya kulipia kila huduma inayotolewa. Naunga mkono wazo hilo, ila nalo lina mtego wake: anayelipwa kwa kila picha atapenda picha ziwe nyingi. Basi uamuzi wa nani apigwe picha ubaki kwa daktari, na hesabu ziwe wazi kwa kila anayetaka kuzikagua.

Sisi waandishi wa programu twalifahamu jambo hili. Ukinilipa kwa kila hitilafu ninayorekebisha, nitakuwa na kazi daima. Ukinilipa kwa kila siku ambayo mfumo wako umefanya kazi bila kukwama, nitajaribu kila kitu kabla sijakukabidhi. Fundi ni yule yule, mkataba ndio tofauti.

Kwa hivyo ukiletewa kifurushi, kiwe cha fotokopi ya ofisini, pampu ya shambani au mashine ya hospitali ya kaunti yako, usianze na bei ya mwezi. Tafuta ukurasa unaoeleza kitakachotokea siku ambayo mashine haitafanya kazi. Ikiwa siku hiyo wewe unalipa na muuzaji analipwa, basi hujapata huduma. Umeuziwa mashine kwa mkopo tu.