Vijana Wasifungiwe Ndani kwa Khofu ya Kipupwe

Kila mwaka masika yanapokwisha na upepo wa kusi ukashika, kipupwe huingia visiwani mwetu. Wazee hujitanda mashuka barazani, na akina mama huwakataza watoto kukaa nje baada ya jua kutua. Hii ni desturi njema, na hatuna nia ya kuibeza. Lakini katika miaka ya karibuni imezaa jambo ambalo hatuwezi tena kulinyamazia. Kijana anapotimiza miaka 14 au 16, na wenzake wakataka kukutana kumpongeza, huambiwa kwamba baridi imezidi na kwamba uwanja haufai. Hapo hutafutwa chumba cha kukodi, vijana hutiwa humo kwa makumi, madirisha yakafungwa ili upepo usipite, na furaha ikaendeshwa kwa jasho na kelele hadi usiku mkubwa.

Sisi tunasema kwamba hilo ni kosa, na kwamba mahali pa vijana kufurahi, hata wakati wa kipupwe, ni uwanjani, mbele ya macho ya wazazi na majirani zao.

Hatuandiki leo kwa ajili ya kuamua kama siku ya kuzaliwa ni ada yetu au ni ada ya kuazima. Wako wanaoiadhimisha na wako wasioiadhimisha, na kila nyumba ina mzee wake. Tunachokitazama ni kwamba vijana wenyewe wamekwisha kuipenda siku hiyo, na kwamba watakutana kwa ridhaa yetu au kwa siri. Mwenye busara hachelewi kuchagua kati ya mawili hayo.

Kwanza tuipime baridi yenyewe kwa kipimo cha haki. Katika miezi ya Julai na Agosti joto la usiku Unguja na Pemba hushuka hadi nyuzi 20 na kitu. Kwa mwili uliozoea jua la Februari hiyo ni baridi, na kusi huizidisha, khususan pwani. Lakini si baridi ya kumdhuru kijana mzima aliyevaa sweta. Huko Uingereza, kila tarehe 5 Novemba, vuli yao inapokaribia kwisha na usiku mara nyingi haufiki hata nyuzi 10, watu hutoka na watoto wao wakawasha mioto mikubwa viwanjani na kurusha fataki. Hatusemi tuwaige. Tunasema tu kwamba watu wenye baridi ya kweli hawakuifanya kuwa hoja ya kuwafungia vijana ndani. Wameijibu kwa nguo nzito, moto na chakula cha moto.

Pili, hapana budi tuitofautishe baridi na maradhi. Mafua hayaletwi na upepo wa kusi. Yanaletwa na virusi vinavyotoka kwa mtu na kwenda kwa mtu, na njia yao nyepesi kabisa ni chumba kilichojaa watu na kisichopitisha hewa. Kwa hiyo mzazi anayemtoa mwanawe uwanjani na kumpeleka katika chumba kilichofungwa madirisha, akidhani anamwepusha na mafua, anampeleka kule kule alikotaka kumwepusha. Jambo hili wananchi wote waliliona wakati wa maradhi ya korona kuanzia mwaka 2020, na si vyema tulisahau upesi namna hii.

Tatu, kuna khatari kubwa kuliko mafua. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idd el Fitr, watoto wapatao 20 walipoteza maisha mjini Tabora katika ukumbi wa disko la watoto. Walikwenda kusherehekea sikukuu, kama vijana wetu wanavyokwenda kusherehekea siku zao. Ukumbi ulijaa kupita kiasi, hewa ikawa haba, na wadogo wakakanyagana na kukosa pumzi. Taifa zima lililia. Uwanja ungeweza kuwatia baridi watoto wale, lakini usingewanyima pumzi.

Hapa inatupasa kujikosoa, kwani asiyejikosoa hana haki ya kumkosoa mwenziwe. Kipupwe kimoja kilichopita, mama mmoja wa mtaani kwetu, mjane mwenye kipato kidogo, alikusudia kumfanyia binti yake sherehe ya kutimiza miaka 15 katika uwanja wa mbele ya nyumba. Alikuwa amekwisha kuazima mikeka, na majirani wamemwahidi masufuria. Alikuja barazani kuomba rai, nasi tuliokuwapo tulimshauri asifanye hivyo. Tulisema kuna baridi, tukasema vijana wakikusanywa nje huleta fujo, tukajiona tumenena hekima. Mama wa watu akakopa fedha, akakodi chumba chenye mlango mmoja. Ilipokaribia saa tatu ya usiku, msichana mmoja alizimia kwa kukosa hewa, na ilibidi apokezanwe juu ya vichwa vya wenzake hadi nje, kwa sababu njia haikupitika. Alhamdulillahi alizindukana. Upepo ule ule tuliouogopa ndio uliomzindua. Deni la chumba mama yule alilipa kwa miezi mingi. Rai ile ilikuwa yetu, na lawama yake ni yetu.

Wala tusidai kwamba kusherehekea nje wakati wa kusi ni mambo mageni. Mwaka wetu wa Kiislamu hufuata mwezi, na kila mwaka hurudi nyuma kiasi cha siku 11, hivyo sikukuu zetu huzunguka majira yote: zimepata kuangukia jua la kaskazi, mvua za masika na baridi ya kipupwe. Hata mara moja hatukusikia kwamba viwanja vya Mnazi Mmoja mjini Unguja, au vya Tibirinzi kule Chake Chake, vimefungiwa watoto kwa ajili ya baridi. Na wenzetu wa Makunduchi huadhimisha Mwaka Kogwa mwezi wa Julai, katikati ya kipupwe. Vijana hupigana kwa makuti ya migomba, kibanda cha makuti huchomwa moto, na kijiji kizima hukaa nje kwa nyimbo na chakula. Linalofanya mambo hayo yaende salama ni kwamba wazee wapo, na kila mmoja anajua wajibu wake.

Hilo ndilo tunalolitaka: wazee wawepo na wajibu ujulikane. Sherehe ya vijana haitaki gharama kubwa, inataka matayarisho. Wakati wake uwe baina ya Alasiri na Magharibi. Katika miezi hii jua hutua kiasi cha saa kumi na mbili na dakika ishirini, kwa hiyo vijana wanapata zaidi ya saa mbili za kucheza mpira, kukimbizana, kuimba na kula, na wanarudi majumbani kabla ya baridi kushika na kabla ya mbu kutoka. Malaria imepungua sana visiwani mwetu lakini haijatoweka, na mbu humng'ata aliye nje kama amng'atavyo aliye ndani.

Mahali pa kukaa pachaguliwe kwa akili ya baharia, ajuaye upepo unatoka wapi. Kusi hutoka kusini, basi mikeka itandikwe upande wa kaskazini wa nyumba au wa ukuta, na pasipo na ukuta lifungwe turubai au tanga kuukuu la jahazi kuzuia upepo. Vijana waambiwe mapema waje na sweta au koti, na mwenye nazo mbili amwazime asiye nayo bila ya kumtangaza. Michezo ya mbio iwekwe mwishoni, hewa inapopoa, kwani mwili unaocheza haujui baridi.

Chakula kiwe cha moto. Sufuria la urojo, muhogo na mahindi ya kuchoma, mishikaki michache, na birika la chai ya tangawizi au ya mchaichai vitawashibisha vijana kuliko keki ya kuagizwa, ambayo kila mmoja hupata kipande cha kuonja na picha ya kuonyesha. Israfu haimpi mtoto joto.

Moto ukihitajika, uwe mdogo, wa makumbi na vifuu, ndani ya shimo, mbali na mapaa ya makuti, na upande ambao upepo hautazirusha cheche nyumbani kwa watu. Pembeni pawepo ndoo za mchanga na maji, na asimame mtu mzima mmoja ambaye kazi yake usiku huo ni moto tu. Matairi yasichomwe kabisa.

Sasa tunawageukia wakubwa wetu serikalini. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Zanzibar watu 1,303,569. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773. Kwa miaka kumi tumeongezeka zaidi ya watu 586,000, lakini viwanja vya mitaani havikuongezeka. Vingi vimejengwa maduka na nyumba, na vingine vimezungushiwa kuta. Mzazi wa leo asemaye kwamba uwanja haufai, mara nyingi anachomaanisha ni kwamba uwanja haupo, na baridi ni kisingizio tu cha kuficha ufukara huo. Hapo kosa si la mzazi peke yake.

Kwa hiyo tunapendekeza viwanja vya skuli vifunguliwe jioni kwa sherehe za vijana wa mtaa, chini ya dhamana ya mzazi anayejulikana na kwa taarifa kwa sheha, bila ya malipo yatakayomfukuza masikini. Halmashauri na manispaa ziviorodheshe viwanja vya wazi vilivyobaki, na kisikatwe hata kimoja kabla ya wananchi wa mtaa huo kuulizwa. Na kumbi za kukodi zikaguliwe: mlango mmoja usitoshe kumpatia mtu ruhusa ya kukusanya watoto, na idadi ya watu ukumbi unaoweza kuwachukua iandikwe mlangoni kwa herufi za kusomeka. Tabora ilikwisha kutufundisha, na somo lililolipiwa kwa roho za watoto halifai kurudiwa.

Wako watakaosema kwamba vijana wakiachiwa uwanja watavuta bangi na kufanya mambo yasiyosemeka. Tunawajibu kwamba mambo hayo hayapendi uwanja. Yanapenda giza, kuta na mlango uliofungwa. Kijana anayecheza mbele ya bibi yake, huku jirani akimtilia chai, ana walinzi wengi kuliko anayelindwa na bawabu wa kukodi.

Nanyi vijana, msidhani kwamba uwanja ni wa aliyekosa na ukumbi ni wa aliyejaaliwa. Uwanjani mwenzenu haachwi nje kwa kuwa baba yake hana fedha ya kiingilio. Ukimaliza sherehe okota taka, zima moto, rudisha mikeka ya watu, na msindikize mwenzio anayekaa mbali. Mwakani hapatakuwapo mzee wa kukunyima uwanja.

Kipupwe kitarudi mwaka ujao, na kusi litavuma kama lilivyovumia babu zetu. Wao walilijua, wakalitumia kusafiria. Sisi tusishindwe hata kuwaketishia watoto wetu mkeka nyuma ya ukuta, tukawapa chai ya tangawizi, tukakaa nao mpaka jua litue.