Vumbi Lilipowaumbua Mabingwa

Wahenga walinena kuwa haraka haraka haina baraka. Wapo wanaodhani methali hii ni ya madereva wa matatu pekee. La hasha! Hata mabingwa wa sayansi imewapata.

Tarehe 17 Machi 2014, wanasayansi wa darubini ya BICEP2, iliyokuwa Ncha ya Kusini, walitangaza kule Harvard, Marekani, kwamba wameona alama za mawimbi ya mvutano yaliyotokea ulimwengu ulipozaliwa. Mawimbi yenyewe hawakuyaona. Walichopima ni mwanga hafifu wa mikrowevu uliosalia tangu ulimwengu ukiwa na umri wa miaka 380,000 hivi. Mwanga huo hutetemeka kwa mielekeo fulani, na mawimbi hayo ya kale yangeuachia michoro ya kujipinda, mfano wa maji yanayozunguka karaini. Michoro waliiona kweli. Watu wakashangilia, wengine wakataja Tuzo ya Nobeli.

Kumbe vumbi! Vumbi la galaksi yetu nalo hutoa mwanga wenye michoro kama hiyo. BICEP2 ilipima masafa mamoja tu, gigahezi 150, na kwa masafa mamoja ni vigumu kujua lipi ni vumbi na lipi ni wimbi. Septemba 2014, setilaiti ya Ulaya iitwayo Planck ilionyesha kuwa vumbi lilikuwa jingi kuliko walivyodhani. Januari 2015 pande zote mbili zikaunganisha vipimo vyao, zikatamka wazi: ushahidi hautoshi.

Je, tuwacheke? Mimi nakataa katakata. Wangaliweza kung'ang'ania sifa, lakini walikubali kukaguliwa, kisha wakarudi kwenye baridi kupima masafa zaidi. Mwaka 2021 walieleza kwamba mawimbi hayo, kama yapo, nguvu yake haifiki hata moja ya tano ya ile ya mwaka 2014. Bado hayajaonekana.

Sasa tutazame maabara zetu. Mwanafunzi anapima pendulamu, jibu halilingani na la kitabu. Afanyeje? Anafuta, anapika namba, anapata maksi zote! Mwenzangu, huyo hajapima chochote, amenakili tu. Na angekuwa Ncha ya Kusini, vumbi tungeliita wimbi hadi leo.

Kwa hivyo nawaomba walimu wetu wampe maksi anayeandika alichokiona, hata kikiwa kioja, mradi aeleze kwa nini anadhani kimekosea. Nasi wanafunzi tuache upishi wa namba. Jiko lipo, na mpishi wake anatosha.