Tusiwasahau Wasioweza Kukimbia

Mwezi wa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia mwambao wetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari mapema. Redio zikatangaza, vyombo vikasitisha safari, na wenye macho na miguu wakajua la kufanya. Lakini tangazo la redio halimfikii kiziwi, na kumwambia mzee aliyepooza ahame ilhali hana wa kumbeba ni sawa na kutomwambia kitu.

Sisi watu wa visiwa tuna makovu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander I, iliyopakia abiria kupita kiasi, ilizama katika bahari ya Nungwi ikielekea Pemba, na mamia ya ndugu zetu wakapotea. Katika msongamano kama ule hata mzima wa viungo hutaabika. Mwandishi huyu aliwahi kumwona bandarini kijana wa magongo akipandishwa chomboni mgongoni mwa hamali, akaketishwa chini kabisa penye mizigo, na magongo yake yakawekwa mbali ili yasizuie njia. Mabaharia hawakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyewafunza.

Sheria hazikosekani. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 11 inazitaka nchi ziwalinde watu hao wakati wa maafa. Kinachotakiwa sasa ni daftari. Sheha anazijua nyumba za shehia yake. Basi na aandike nani haoni, nani hasikii, nani hainuki kitandani, na mbele ya kila jina yawepo majina ya majirani wawili waliokubali kwenda kumchukua. Wawili, kwani mmoja huenda akawa dago siku hiyo. Kazi hii haingoji mfadhili, wala (tunaomba radhi) semina.

Aidha, watu hao wasihesabiwe kama mizigo ya kuhamishwa. Waitwe katika kamati za maafa. Mtume (S.A.W.) alimkabidhi adhana Abdallah bin Ummi Maktum, naye alikuwa kipofu. Kiziwi ndiye ajuaye ni ishara gani itakayomwamsha usiku.

Tunawaomba viongozi wa Chama na Serikali wilayani wayakague madaftari hayo kabla ya masika, nyumba kwa nyumba, wasitosheke na ripoti za mezani.