Mwenye Njia Amepita Kinindo

Mtu aliyezaliwa Bukirasazi, katika vilima vilivyo kusini ya mji wa Gitega, hukutana na mengi ya kushangaza ashukapo Bujumbura. Huko kwao mnyama mkubwa kupita wote njiani ni ng'ombe.

Mzee mmoja wa huko alikuja kumtazama mwanawe, askari wa doria ya usiku. Alfajiri, kijana alipotoka zamu, wakatembea pamoja kutoka Kinindo kuelekea Kibenga. Hawakwenda mbali. Ua wa michongoma wa nyumba moja ulikuwa umetobolewa chini, kana kwamba pipa limesukumwa kati yake. Ndani, majani ya bustani yalikuwa yamekatwa sawasawa na udongo. Matopeni palikuwa na nyayo pana zenye vidole vinne, na kinyesi kilikuwa kimetapanywa ukutani hadi kimo cha goti.

"Shikamoo, mzee," akasema mlinzi wa nyumba.

"Marahaba. Ni nani alazaye ng'ombe wake humu?"

"Si ng'ombe, mzee. Ni kiboko. Amepita usiku."

Mzee akacheka. Neno hilo alilijua kwa maana ya mjeledi wa wakoloni tu, ambao kwa Kirundi pia huitwa ikiboko. Mnyama mwenyewe kwao ni imvubu. Kumbe mjeledi ulipata jina kwa ngozi yake!

Msomaji aliyelelewa pwani ya Tanganyika hatastaajabu. Kiboko hushinda majini, na jua likitua hupanda nchi kavu kutafuta majani, yapata kilo 40 kwa usiku mmoja. Kinyesi hukipiga kwa mkia ili kuitia njia yake alama, na njia aliyoizoea haiachi upesi. Uzito wake hupita kilo 1,000, lakini akikimbia humwacha mtu nyuma. Atakayesimama kati yake na maji yumo hatarini, na watu wamekwisha kuuawa. Kwa hiyo mama mwenye busara, akaaye mitaa hiyo, hamtumi mtoto dukani giza likiingia.

"Sisi tukimwona tunazima taa na kungoja," alieleza kijana. "Bunduki haisaidii kitu, baba. Akijeruhiwa ndipo anapokuwa mbaya."

Mbele zaidi palikuwa na nyumba nzuri isiyokaliwa, ukuta wake umechorwa mstari wa matope kifuani pa mtu. Ziwa hili hutoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Mvua zikizidi, maji hayana pengine pa kwenda ila kupanda. Yalipanda mwanzoni mwa miaka ya 1960, yakapanda tena mwaka 2021, na tena 2024. Sheria ya maji ya mwaka 2012 inataka mita 150 ziachwe wazi kutoka ziwani. Kuta nyingi zilikwisha simama kabla yake; nyingine, bila haya, zikasimama baadaye.

Waliporudi walimkuta mlinzi akiufunga ua kwa miiba, lakini pengo ameliacha. Mwenye nyumba, alisema, ameuziba mara tatu na mara tatu umebomolewa. Sasa ameamua kuyahamishia maua upande wa pili.

Mzee akalaza fimbo yake kwenye pengo, akaitia alama kwa kisu, apate kuwaonyesha watu wa Bukirasazi upana wa mgeni huyo.