Siamini, lakini...



Kuna jibu ambalo padre yeyote aliyefanya kazi huku kusini amelisikia mara nyingi. Mwulize Mkristo kama anaamini kwamba mchawi anaweza kumtuma simba akamle mtu. Atakujibu haraka, "Padre, mimi siamini, lakini..." Baada ya hiyo "lakini" inafuata hadithi ndefu: simba aliyempita mbuzi bila kumgusa akaenda kumchukua mtu, simba ambaye nyayo zake zilipotea njiani. Na mwisho wa hadithi linatajwa jina. Mara nyingi ni jina la mzee anayeishi peke yake, au la jirani aliyegombana na marehemu juu ya mpaka wa shamba la mikorosho.

Leo nawaomba tuitafakari hiyo "lakini".

Hapa Ufukoni watoto wetu wamezoea ngalawa kuliko nyayo za simba. Lakini wengi wetu tuna ndugu Nanyamba, Tandahimba, Newala na Lindi vijijini, na habari za simba wa kutumwa tumekua nazo. Wala si habari za kuchekwa, kwa sababu waliokufa ni watu wa kweli. Kati ya mwaka 1988 na 2009 watu zaidi ya 1,000 walishambuliwa na simba nchini Tanzania, na wengi wao walipoteza maisha. Mikoa yetu ya kusini mashariki ilikuwa miongoni mwa iliyoumia zaidi. Anayemcheka mama aliyempoteza mwanawe kwa namna hiyo hana moyo wa kichungaji.

Hata hivyo, yule mama anastahili kuambiwa ukweli. Mwaka 2005 watafiti, wakiwamo Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui pamoja na Craig Packer wa Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wao. Waliona kwamba mashambulizi huongezeka wakati wa mavuno, kati ya Machi na Mei. Kila mkulima anajua hali ya miezi hiyo. Nguruwe pori wanaingia mashambani usiku, na watu wanahamia shambani kulinda mazao, wakilala kwenye dungu la miti na makuti. Mahali ambapo wanyama wengine wa kuwindwa wamekwisha, simba humfuata nguruwe. Akifika shambani anamkuta binadamu amelala pasipo ukuta wala mlango.

Baadaye, mwaka 2011, watafiti walieleza jambo jingine: hatari huwa kubwa zaidi katika siku zinazofuata mwezi mpevu. Usiku wa mbalamwezi simba hupata shida kuwinda, kwa sababu anaonekana. Mwezi unapoanza kuchelewa kuchomoza, saa za mwanzo wa usiku zinakuwa na giza. Simba ana njaa, na watu bado wanatembea njiani. Mtu asiyejua hayo, akiona misiba inarudi kila mwezi katika siku zilezile, anaweza kusema bila kusita kwamba kuna mkono wa mtu.

Huko Rufiji, kuanzia Agosti 2002 hadi Aprili 2004, simba mmoja aliua watu wapatao 35 katika vijiji vinane. Alipouawa, alikutwa na jipu chini ya jino moja la nyuma. Alikuwa mnyama mwenye maumivu makali ya jino. Hapakuwa na bwana aliyemtuma.

Sasa tazameni hasara ya ile "lakini". Mtu akiamini kwamba simba ametumwa, hata kama anaamini nusu tu, swali lake linabadilika. Haulizi tena, "Tumlindeje mwenzetu asilale pasipo mlango?" Anauliza, "Nani amemtuma?" Pesa ambayo ingenunua mabati na misumari inakwenda kwa mpiga ramli, na mpiga ramli hashindwi kamwe kupata jina. Mwaka unaofuata nguruwe wanarudi, simba anarudi, na dungu ni lilelile. Kilichoongezeka ni kaburi jingine na ukoo mmoja uliochukiwa.

Wenzetu ng'ambo ya Ruvuma walilipa gharama hiyo. Katika wilaya ya Muidumbe, jimbo la Cabo Delgado, mwaka 2002 na 2003 simba waliua watu zaidi ya 40. Minong'ono ikaenea kwamba simba hao wametengenezwa na watu. Umati wenye hasira ukawaua baadhi ya waliotuhumiwa. Hao ni Wamakonde, ndugu zetu wa lugha na damu. Wale waliouawa na simba, mnyama aliwaua kwa njaa. Wale waliouawa na umati waliuawa na majirani waliowafahamu kwa majina.

Msidhani jambo hili ni la simba peke yake. Jumapili ya tarehe 7 Aprili 2024, siku Kanisa lilipoadhimisha Huruma ya Mungu, chombo cha uvuvi kilichojaza watu wapatao 130 kilizama kikitoka Lunga kwenda Kisiwa cha Msumbiji, katika jimbo la Nampula. Watu zaidi ya 90 walikufa, wakiwamo watoto wengi. Viongozi wa huko walisema abiria wengi walikuwa wanakimbia kwa hofu, baada ya kusikia uvumi juu ya kipindupindu. Kwa miaka mingi katika pwani ile pamekuwapo minong'ono kwamba wanaotia dawa ya kloro kwenye visima ndio wanaotia ugonjwa. Na kwa Kireno majina ya dawa na ya ugonjwa, cloro na cólera, yanakaribiana sikioni. Wapo wahudumu waliopigwa, hata kuuawa, huku wameshika dawa mkononi. Sisi watu wa bahari tunajua maana ya chombo kilichojaa kupita kiasi. Uvumi ulikijaza chombo kile.

Nasikia mtu akiniuliza, "Padre, kwani Biblia haisemi kwamba shetani yupo?" Yupo. Kanisa halikanushi uovu, na Katekisimu inakataza uchawi wa kila namna. Lakini someni vizuri anavyoitwa. Kwa Kiebrania jina lake lina maana ya mpinzani na mshitaki. Kwa Kigiriki ni mchongezi. Kitabu cha Ufunuo, sura ya 12, kinamtaja kama yule anayewashitaki ndugu mbele ya Mungu usiku na mchana. Basi kijiji kinapokaa kumtafuta mtu wa kumshitaki bila ushahidi, shetani yupo kweli mahali pale. Ila hayupo kwa yule bibi anayenyoshewa kidole. Yupo katika kile kidole.

Bwana wetu mwenyewe alipitia tuhuma hizo. Katika Luka sura ya 11, wapo waliosema anatoa pepo kwa nguvu za Beelzebuli. Kwa lugha yetu ya leo, walimwita mchawi. Na katika sura ya 13 ya Injili hiyohiyo alikumbushia mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18. Angeweza kuwapa watu mkosaji wa siri wa kumlaumu. Hakufanya hivyo. Alikataa kwamba waliokufa walikuwa na dhambi kuliko wengine, akawageuzia wasikilizaji wake macho ili kila mmoja ajitazame na kutubu.

Tena Katekisimu, namba 2477, inafundisha kwamba anayeuchukulia ubaya wa jirani yake kuwa ni kweli bila msingi wa kutosha, hata kimoyomoyo, ana hatia ya hukumu ya haraka. Zingatieni hilo la kimoyomoyo. Mtu anaweza kusema, "Mimi sikumpiga, sikumtukana, niliwaza tu." Lakini umati haujengwi na watu wachache wenye panga. Unajengwa na watu wengi wenye "lakini", ambao siku ya hatari wananyamaza kwa sababu mioyoni mwao walikuwa wamekwisha kuhukumu.

Sheria ya nchi nayo haijanyamaza. Tangu enzi za mkoloni, mwaka 1928, Sheria ya Uchawi inakataza mtu kwenda kumtangaza mwenzake kuwa mchawi. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Lakini polisi hawaingii katika moyo wa mtu. Huko tunaingia wenyewe, kwa neema ya Mungu na kwa Kitubio.

Kwa hiyo nawaomba mambo machache. Katika jumuiya zetu ndogo ndogo, msiba unapotokea, tuulize kwanza amekufaje, na jibu litufundishe namna ya kumlinda aliyebaki. Ndugu akienda kulinda shamba wakati wa mavuno, tusimwache alale peke yake kwenye dungu bovu. Twende tukaliimarishe pamoja, Wakristo na Waislamu, maana simba haulizi dini. Ujumbe wa uvumi ukiingia kwenye simu, uishie hapohapo. Na kama kijijini kwenu yupo mzee anayenong'onwa, mtembeleeni. Kaeni kwenye mkeka wake, mle alichowaandalia, mchana kweupe, majirani wote wawaone. Mlo huo mmoja unaweza kumwokoa kuliko mahubiri yangu kumi. Bwana alituagiza tupatane na ndugu kabla ya kuleta sadaka altareni. Nasi ndugu wa namna hiyo tumewaacha muda mrefu bila kuwapigia hodi.

Leo, baada ya mahubiri, tutasimama wote na kuungama imani yetu kwa Mungu mmoja, Muumba wa vyote vinavyoonekana na visivyoonekana. Sikilizeni vizuri mnapoisali Nasadiki, kutoka mwanzo hadi amina. Humo ndani hamna "lakini".

Nawatakia Dominika njema.